Bolti Laini

Bolti iliyotuletea balaa ilikuwa na urefu wa kidole changu cha shahada. Niliitoa kwenye mkebe wa maziwa ya unga ambamo Mjomba huweka nati, skrubu na vyuma vingine ambavyo mtu wa kwetu hana moyo wa kutupa. Ilikuwa nzito, imara, yenye mistari sita kichwani. Sikujua wakati huo kwamba mistari ile ni alama ya chuma kigumu sana. Nilijua tu kwamba naishika na naipenda.

Nilikulia Kariobangi, hatua chache kutoka kwa mafundi wa jua kali, na hapo nilifundishwa kanuni moja bila kufundishwa: kitu kikivunjika, weka kingine chenye nguvu zaidi. Kanuni hiyo inafaa kwa lango, kwa mkokoteni na kwa kitanda cha chuma. Kwa mashine ya kurusha theluji ni ujinga mtupu, na ujinga huo nusura uninyang'anye mjomba.

Wacha nianze na mashine yenyewe, kwa sababu ukiwa Nairobi theluji ni kitu cha juu ya Mlima Kenya, tena kwenye kalenda. Minneapolis, katika jimbo la Minnesota, theluji ni kazi. Inaanguka usiku ukiwa umelala, na asubuhi iko mlangoni ikikudai. Sheria ya jiji inasema mwenye nyumba lazima asafishe njia ya watembea kwa miguu iliyo mbele ya nyumba yake ndani ya saa 24 baada ya theluji kuacha kuanguka. Usiposafisha, jiji linaweza kutuma watu wake, kisha likuletee bili. Barabara ni ya jiji. Kile kipande cha saruji mbele ya lango lako, ambacho watu wote wanapita, jasho lake ni lako.

Mjomba, kaka yake mama, ana nyumba karibu na Ziwa Nokomis, kusini mwa jiji. Nilikuja kuishi naye mwaka 2016 nikiwa mwanafunzi, na sikuondoka. Ndani ya gereji yake, nyuma ya gari, nilikuta mnyama wa chuma wa rangi ya chungwa iliyochakaa, mwenye kinywa kipana na shingo iliyopinda. "Hii kitu ina umri kuliko mama yako," Mjomba aliniambia. Hakuwa anatia chumvi. Ndani ya kijitabu cha maelekezo kulikuwa na risiti ya Novemba 1968.

Ilivyo ni hivi. Ndani ya kinywa kuna parafujo mbili zilizolala, moja upande wa kushoto na nyingine upande wa kulia, zote zikisukuma theluji kuelekea katikati. Umewahi kuona kile kinu cha mkono cha kusagia nyama pale buchari? Ni vivyo hivyo. Hiyo ndiyo hatua ya kwanza. Nyuma ya parafujo kuna feni nzito ya chuma inayozunguka kwa kasi zaidi. Inaipokea theluji iliyosagwa na kuitupa juu kupitia ile shingo, mpaka ng'ambo ya ua. Hiyo ndiyo hatua ya pili. Kuna mashine ndogo za hatua moja, ambazo parafujo yenyewe ndiyo inasaga na ndiyo inarusha. Hizo zinafaa kwa theluji nyepesi ya unga. Lakini greda ya jiji ikishapita kichochoroni nyuma ya nyumba, huacha ukuta wa theluji iliyoshindiliwa mbele ya mlango wa gereji, mgumu kama kifusi. Huo unataka hatua mbili.

*

Watu hufikiri mashine hii ilizaliwa kwa sababu ya theluji. Si kweli. Theluji ilikuwepo siku zote, na kwa muda mrefu hakuna aliyetaka kuiondoa.

Katika karne ya 19, miji mingi ya Marekani ya kaskazini na Kanada haikufagia theluji barabarani. Iliishindilia. Farasi walivuta magogo makubwa ya mviringo yaliyoikandamiza theluji ikawa kama lami, kisha magari ya kuteleza yasiyo na magurudumu yakapita juu yake raha mustarehe. Kwenye madaraja yaliyoezekwa paa, ambako theluji haikufika, watu walilipwa kuibeba na kuitandaza ndani ili magari hayo yasikwame. Hebu fikiria: mtu analipwa kupeleka theluji barabarani! Kilichoigeuza theluji kuwa adui ni gurudumu.

Reli ndiyo iliyoanza kupigana nayo. Mwaka 1869 daktari wa meno wa Toronto, J. W. Elliott, alipata hataza ya gurudumu lenye mapanga la kusafisha njia mbele ya garimoshi. Wazo lake liliboreshwa na Orange Jull, mtu wa Orangeville katika jimbo la Ontario, na ndugu wa familia ya Leslie wakaliunda na kulijaribu katika majira ya baridi ya 1883 na 1884. Ndani ya mtambo huo tayari kulikuwa na mawazo mawili: kata kwanza, kisha rusha.

Aliyeyashusha mawazo hayo kutoka relini hadi barabarani alikuwa mtoto wa mfugaji. Arthur Sicard alizaliwa Quebec mwaka 1876, katika familia iliyouza maziwa. Ukifunga barabara, maziwa yanaharibika. Mtu yeyote wa Nyandarua anaelewa hilo bila kuambiwa, ila kwake kizuizi hakikuwa matope. Inasemekana alikuwa na umri wa miaka 18 alipoona mashine ya kupura nafaka ikifanya kazi shambani, parafujo zikiingiza masuke huku makapi yakirushwa nje, akajiuliza kwa nini isile theluji. Ilimchukua zaidi ya miaka 30. Mtambo wake wa kwanza ulikamilika mwaka 1925: lori lenye injini ya pili kwa ajili ya kurusha tu. Mwaka 1927 aliuuza kwa mji wa Outremont, pembeni mwa Montreal. Ulirusha theluji zaidi ya mita 27.

Angalia vizuri: mteja wa kwanza wa Sicard alikuwa mji. Theluji ilikuwa mzigo wa wote, na mashine ya kuiondoa ilikuwa mali ya wote. Ilipofika gerejini kwa Mjomba, mashine hiyo ilikuwa imekuwa mali ya mtu mmoja. Katikati ya mambo hayo mawili kuna vita, mikopo, na ua.

Baada ya Vita Vikuu vya Pili, wanajeshi wa Marekani walirudi nyumbani, serikali ikadhamini mikopo ya nyumba, na mashamba yaliyozunguka miji yakageuka kuwa mitaa ya nyumba zinazofanana. Kila nyumba na gari lake, kila gari na njia yake ya kuingilia, na kila njia ikahitaji mtu wa kuisafisha kabla ya kwenda kazini. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Toro, kampuni ya Minneapolis iliyoanzishwa mwaka 1914, ilianza kuuza mashine ya theluji ya kusukumwa na mtu akitembea nyuma yake. Upande wa pili wa mpaka, jimboni Wisconsin, Henry Ariens na wanawe walikuwa wameanza mwaka 1933 katika mji mdogo wa Brillion kwa kuunda jembe la injini la kutifua udongo. Jembe huuzwa msimu wa kupanda. Majira ya baridi je? Mwaka 1960 kampuni hiyo ilitoa mashine yake ya theluji, na mpaka leo inaziunda papo hapo Brillion.

Wisconsin ilikuwa na kila kitu kilichohitajika: wakulima waliozoea kujitengenezea vifaa, viwanda vya kuyeyusha chuma, na injini ndogo. Briggs & Stratton ilikuwa Milwaukee tangu 1908. Injini za Lauson zilitoka New Holstein, na katika miaka ya 1950 kampuni ya Tecumseh ya Michigan ilikinunua kiwanda hicho. Ukipita leo kwenye gereji za Minnesota, nyuma ya baiskeli na miti ya Krismasi ya plastiki, utakuta mashine za miaka ya 1960 na 1970 ambazo bado zinanguruma. Chuma chake ni kinene. Nyingi kati ya sehemu zake hufunguka kwa spana ya kawaida. Walioziunda walitegemea kwamba mwenyewe atazirekebisha mwenyewe.

*

Lakini mwenyewe huyo alikuwa nani?

Mjomba alinunua nyumba hii mwaka 2004 kutoka kwa mzee Mzungu aliyekuwa anahamia kwa binti yake Arizona. Mzee akasema Arizona haina theluji, mashine ibaki. Alitumia saa nzima gerejini akimwonyesha Mjomba kila nati. Mjomba humkumbuka kwa heshima, na mimi pia ninamheshimu, kwa sababu ukutani kando ya dirisha aliandika kwa penseli kila mwaka aliobadilisha oili, kuanzia 1969. Mjomba aliendeleza orodha hiyo. Mimi nikaendeleza ya Mjomba.

Mwaka 2019 bunge la Minnesota lilipitisha sheria ya kuwaruhusu wenye nyumba kukana rasmi masharti ya ubaguzi yaliyomo katika hati za ardhi. Ndipo wengi walipojua kwamba masharti hayo yapo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota walikuwa wakipekua hati za zamani za Minneapolis, na walikuta maelfu yenye kifungu hicho, cha mapema kabisa kikiwa cha mwaka 1910. Nikaitafuta ya kwetu. Ilikuwepo, ya miaka ya 1940. Kiwanja hiki, ilisema kwa lugha ya wanasheria, kisiuzwe wala kukodishwa wala kukaliwa na mtu asiye Mzungu, isipokuwa awe mtumishi wa nyumbani.

Mjomba alivaa miwani, akasoma mara mbili. Akasema, "Kwa hivyo mimi ningeruhusiwa kuingia, bora niwe nimeshika sepetu."

Tulicheka, kisha hatukucheka. Mwaka 1948 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba mahakama haziwezi kutekeleza masharti hayo. Mwaka 1953 Minnesota ikapiga marufuku kuandika mapya. Lakini ilikuwa tarehe 11 Aprili 1968, wiki moja baada ya Martin Luther King kuuawa, ndipo sheria ya taifa zima ya kuzuia ubaguzi katika makazi ilipotiwa saini. Miezi saba baadaye, mzee wetu alinunua mashine yake. Kila nikishika mipini ile huwa nahesabu. Wakati chuma hiki kinatoka dukani kikinukia rangi mpya, mtaa huu bado ulikuwa umepangwa usiwe na mtu kama mimi. Mashine haina kosa, na sidhani kama mzee alikuwa na kosa. Ila historia ya vitu vya nyumbani ni lazima iwe pia historia ya nyumba, na ya nani aliambiwa asibishe hodi.

Mjomba alijaza fomu ya kukikana kifungu. Nakala ya hati akaikunja, akaiweka ndani ya kijitabu cha mashine, pamoja na ile risiti ya 1968. Anasema ni karatasi za kitu kimoja.

*

Kuitunza mashine ya umri huu si kazi ngumu, ni kazi ya kukumbuka. Nitakueleza kwa ufupi.

Kinachoziua nyingi ni petroli, na huziua wakati wa joto zikiwa zimepumzika. Petroli ya kawaida hapa imechanganywa na ethanoli asilimia 10, na ethanoli huvuta unyevu. Ukiiacha ndani ya kabureta kuanzia Aprili mpaka Novemba, inaacha utando wa gundi kwenye vitundu vyembamba kuliko sindano. Kisha theluji ya kwanza inaanguka, unavuta kamba mara 40, unatukana kwa lugha tatu, na injini haisemi kitu. Sisi hununua ile isiyo na ethanoli, ambayo hapa inaruhusiwa kwa injini ndogo, na mwisho wa msimu tunafunga bomba la mafuta na kuiacha injini ijizime yenyewe kwa njaa.

Oili hubadilishwa kila mwaka, ile nyepesi ya baridi, kwa sababu nzito huganda na kamba haivutiki. Plagi husafishwa. Chini ya gurudumu zito la injini kuna platini ndogo za kutoa cheche, teknolojia ya kabla ya elektroniki. Zikishika kutu, unazisugua kwa msasa laini. Mikanda ni miwili, mmoja wa kuendesha magurudumu na mwingine wa kuzungusha parafujo na feni.

Gia zake ndizo zilizonifurahisha zaidi. Hakuna gia kama za gari. Kuna sahani ya chuma inayozunguka, na juu yake kuna gurudumu dogo lenye ukingo wa mpira linaloigusa kwa pembeni. Gurudumu likiwa karibu na katikati ya sahani, mashine inatambaa. Ukilisogeza nje, inaongeza mwendo. Ukilivusha upande wa pili wa katikati, inarudi nyuma. Ni hivyo tu. Tone moja la greisi likiangukia sahani hiyo, hauendi popote.

Na kuna jambo moja ambalo Mjomba hurudia kama sala: mkono hauingii kwenye shingo. Theluji yenye maji hukwama pale, na mtu aliyechoka hutaka kuisukuma kwa vidole. Hata injini ikiwa imezimwa, feni inaweza kuwa imebanwa kama mtego, na ukiondoa kilichoibana inageuka ghafla. Mashine za baadaye ziliwekwa mkono wa usalama: ukiuachia, parafujo na feni zinasimama. Ya mwaka 1968 haina huruma hiyo. Ukianguka, inaendelea kula. Kwa hivyo tunazima kwanza, tunasubiri, kisha tunatumia ufito. Ufito wetu ni mpini wa ufagio, umefungwa kando kwa waya.

Sasa, bolti.

Kila parafujo imeunganishwa na mhimili wake kwa bolti moja. Unaweza kudhani kazi ya bolti hiyo ni kushikilia. Kumbe kazi yake kubwa ni kuvunjika. Parafujo ikimeza jiwe au bonge la barafu, kitu fulani lazima kikubali kushindwa. Bolti ya chuma laini inakatika, parafujo inaacha kuzunguka, na wewe unapoteza pesa kidogo na dakika 10. Isipokatika, nguvu yote ya injini inakwenda kwenye giaboksi iliyo katikati, ambako parafujo ya chuma cha pua inazungusha gia ya shaba nyeusi. Shaba ndiyo itakayolia.

Hayo niliyajua baadaye. Majira yale ya 2022 na 2023 theluji ilikuwa haina adabu. Kufikia mwisho wa msimu, Minneapolis ilikuwa imepata inchi 90.3, zaidi ya mita mbili na robo, msimu wa tatu kwa wingi wa theluji katika kumbukumbu zote za jiji. Katikati ya Desemba bolti ya kushoto ilikatika kwenye ukuta wa greda. Bolti laini zilikuwa zimeisha. Nikaenda kwenye mkebe wa maziwa.

"Hiyo umetoa wapi?" Mjomba aliuliza usiku huo.

"Kwa mkebe. Hiyo haivunjiki, Mjomba."

Alikuwa na usingizi. Akasema sawa.

Wiki mbili na zaidi haikuvunjika, nami nikajiona fundi. Kisha wiki ya kwanza ya Januari 2023 ikaja theluji nzito yenye maji, ile ambayo sepetu moja unaihisi kiunoni. Jioni nilitoka kupunguza kabla ya kwenda zamu ya usiku kwenye makao ya wazee ninakofanya kazi. Mbele ya nyumba ya jirani kulikuwa na gazeti limeviringishwa ndani ya mfuko wa plastiki, limefunikwa, limeganda kama gogo. Sikuliona. Parafujo ililiona. Mashine iliruka, ikatoa mlio kama sufuria inayosagwa, halafu parafujo zote mbili zikasimama huku feni ikiendelea kuzunguka bure. Bolti yangu ilikuwa nzima kabisa, haina hata mkwaruzo. Iliyokwisha ilikuwa giaboksi.

Niliirudisha gerejini, nikamwambia Mjomba nitaangalia kesho. Nikaenda kazini. Theluji ikaanguka usiku kucha.

Mjomba alifanyiwa matibabu ya moyo mwaka 2019. Daktari alimpa masharti machache, na moja lilikuwa sepetu. Baridi hubana mishipa ya damu, na kuinua uzito ghafla hupandisha shinikizo. Mambo hayo mawili yakikutana asubuhi ndani ya mtu wa miaka 61 ambaye hajanywa hata chai, moyo unaweza kugoma. Kila msimu wa baridi Marekani kuna watu wanaokufa hivyo, sepetu mkononi. Mjomba alijua. Lakini bibi wa nyumba ya pili, ambaye yeye ndiye aliyempokea kwa keki mwaka 2004, siku hizo alikuwa anachukuliwa na gari kwenda kusafishwa damu kwa mashine, na gari lingefika saa mbili asubuhi. Njia yake ilikuwa imezikwa. Mimi nilikuwa kazini. Mashine ilikuwa imekufa.

Nilirudi saa moja na nusu. Njia ya bibi ilikuwa imesafishwa mpaka barabarani, kingo zake zimenyooka kama zimepimwa kwa kamba. Mjomba alikuwa ameketi kwenye ngazi zake, sepetu magotini, mkono kifuani. Uso ulikuwa na rangi ya jivu.

"Nimepumzika tu," alisema.

Nafanya kazi na wazee. Najua kupumzika kunavyofanana. Nilipiga 911.

*

Alipona. Walimwekea kibomba cha pili cha kufungua mshipa, akarudi nyumbani baada ya siku nne akilalamika kuhusu chakula cha hospitali. Hakunilaumu hata mara moja, na hiyo ndiyo ilikuwa adhabu yangu. Mama alinipigia kutoka Kariobangi. Nilimweleza yote, habari ya bolti na shaba na gazeti. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kwani hukujua ni ya kuvunjika?"

Februari nzima niliishi gerejini. Nilifungua giaboksi ile kwa mara ya kwanza tangu ilipofungwa kiwandani, nadhani, kwa sababu gundi ya gasketi ilikuwa bado na alama ya kidole. Oili ilikuwa imejaa vumbi la dhahabu, na hilo vumbi ndiyo ilikuwa gia. Meno matano yalikuwa yamelala chali. Niliagiza gia mpya, sili mbili na gasketi. Vitu vya mashine ya 1968, na bado vinauzwa! Hilo lilinishangaza kuliko yote. Injini zenyewe hazina bahati hiyo: Tecumseh iliacha kuunda injini za petroli mwezi Desemba 2008, na watu wengi hapa wakichoka kutafuta vipuri hufunga injini ya Kichina juu ya kiunzi cha Wisconsin, maisha yanaendelea. Ya kwetu bado ni ileile.

Nilipokuwa nikiipanga upya nilimfikiria mhandisi asiyejulikana aliyechora sehemu ile. Aliamua mapema kwamba siku moja mambo yataharibika. Kisha akachagua kiharibike nini: kitu cha bei rahisi, kilicho nje, ambacho mtu aliyevaa glavu anaweza kukibadilisha gizani. Pale kwetu jua kali mafundi wanajua hesabu hiyo pia, ningewauliza tu. Fyuzi ni nini kama si waya uliokubali kuungua? Mimi nilichukua somo la kwanza nikakimbia nalo, sikungoja la pili.

Siku hizi bolti laini nne zimefungwa kwa utepe kwenye mpini wa mashine, pamoja na nati zake. Kabla ya theluji kuanza natembea njia nzima nikiokota magazeti, mazulia ya mlangoni, na vinyago vya watoto. Mjomba haruhusiwi kugusa kitu. Huketi kwenye dirisha la jikoni na chai yake, na nikipita huonyesha kwa kidole mahali nilipobakisha. Nasafisha kwetu, nasafisha kwa bibi, kisha naendelea mpaka kona, nyumba sita, kwa sababu mashine ikishapata moto ni hasara kuizima. Hakuna aliyeniomba. Mwanzoni watu walipunga mikono. Siku hizi wananiletea petroli, ile isiyo na ethanoli. Sicard aliuza mtambo wake kwa mji mzima. Sisi tumerudi karibu na hapo kwa njia ya kuzunguka.

Ukutani gerejini, chini ya orodha ya oili, nimeandika kwa penseli: 2023, gia ya shaba, kosa langu. Mjomba alisoma akaguna. Nilipotaka kuitupa ile bolti ngumu alininyang'anya, akairudisha kwenye mkebe wa maziwa.

"Wacha ikae," alisema. "Siku moja tutatengeneza kitanda."